Kupanda Nkombo Bila Kugusa Chini

Nilikuwa na miaka mitatu katika kazi ya baiskeli, na watu wa kwetu Gitambi walidhani ninajua kuendesha. Nilikuwa nabeba ndizi hadi soko la Kamembe. Lakini mtu aliyefunga mikungu minne nyuma haendeshi. Akifika kwenye mlima anashuka na kusukuma, na kwetu mlima ukiisha unaanza mwingine. Ukweli ni kwamba niliendesha wakati wa kuteremka tu, na wakati wa kuteremka hata gunia la viazi linaweza kuendesha.

Pale Kamembe kuna mzee mmoja tunayemwita Kocha. Zamani alishindana. Sasa anatengeneza baiskeli, na Jumapili anatoka na vijana wachache wenye baiskeli nyembamba, zile za usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Mwaka jana kijana wake mmoja alihamia Kigali, baiskeli ikabaki imening'inia ukutani. Niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Kuomba niliona haya. Kwa hiyo nilianza kupita kwake kila siku na kusema nina pancha.

Siku ya tano alinitazama.

"Weye, hii pancha yako ni ugonjwa gani haiponi? Sema kile unataka."

Nilionyesha ukuta kwa kidole.

"Sawa," alisema. "Utapanda mulima moja, kutoka chini mpaka juu, bila kutia muguu chini. Ukiweza, hii kinga, hii baiskeli ya ukuta, ni yako musimu muzima, na Jumapili unatoka na sisi. Ukigusa chini, napatia mwingine."

Mlima aliouchagua ulikuwa wa kisiwani, Nkombo, kutoka gatini hadi shule ya msingi iliyo juu. Alisema huku kwetu vijana wote wanashika lori kwa nyuma na kukokotwa, kisha wanafika juu wakijifanya wamechoka. Kisiwani hakuna lori.

Nilifurahi sana. Nilifikiri kwamba kama hakuna magari, basi hakuna wa kunitazama.

Tulivuka ziwa kwa boti Jumamosi asubuhi, mimi, Kocha na ile baiskeli ya ukutani. Kocha alinivalisha kaptula ya kubana yenye sponji kwenye makalio, na viatu vyenye chuma chini, vinavyojifunga kwenye pedali. Ili kujifungua unapindisha kisigino kwa nje. Usipokumbuka, unaanguka pamoja na baiskeli kama mtu aliyefungwa kwenye mti uliokatwa. Nilikuwa nimeshajifunza hilo mara nne. Kisha Kocha akapanda pikipiki ya kukodi na kutangulia, na mfuko wake wa mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, ili aningoje pale shuleni.

Barabara ya Nkombo ni ya udongo mgumu, na ni kweli haina magari. Ina watu. Kila shamba lilikuwa na mtu analima, na kila aliyekuwa analima alisimama na kuegemea jembe ili anitazame vizuri. Wanasema kutoka kule unaliona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Sijui. Mimi niliona gurudumu la mbele. Watoto walitoka kwenye nyumba wakaanza kukimbia pamoja nami, na baada ya kona ya kwanza wakanipita. Mmoja wao alikuwa amebeba mdogo wake mgongoni. Aligeuka akaniuliza kwa adabu kama nimeharibikiwa.

Kwenye kona ya tatu nilikuwa nimekwisha. Mapaja yalikuwa yanatetemeka, macho yanaona vinyota, na nilikuwa nimeanza kuchagua mahali pa kuanguka, penye majani. Hapo ndipo kundi la wanaume likatokea kwenye njia ya miguu iliyokuwa kando, wamebeba mgonjwa kwenye ingobyi, machela ya kusuka ya mababu. Alikuwa mzee aliyeanguka kutoka kwenye mti wa avokado akavunjika mguu. Kwenye pikipiki angelia njia nzima, kwa hiyo walikuwa wanampeleka mabegani hadi kituo cha afya, kilicho mbele kidogo ya shule.

Kwetu, ukikutana na mgonjwa njiani, huulizi ni wa nani. Unaweka chini ulicho nacho, unatia bega, na aliyechoka anapumzika. Mimi niliweka chini nilicho nacho kwa haraka ambayo iliwashangaza. Hata kisigino nilikumbuka kukipindisha.

"Huyu wamemulea muzuri," alisema mmoja wao. "Bengine ba velo, ba baiskeli, banapita kama habaone batu."

Niliinamisha kichwa kama mtu mwenye malezi, nikaendelea kutafuta pumzi.

Niliyempokea alikuwa mwanaume mrefu mwenye kandambili. Alinipa mpini wa nyuma, naye akashika baiskeli yangu. Wenzake wakamwambia awahi mbele, amwambie muuguzi atayarishe kitanda. Alinitazama, nikakubali kwa kichwa. Alipanda pale pale katikati ya mlima, kandambili juu ya zile pedali ndogo za chuma, akaondoka. Hakuyumba. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Mgonjwa alianza kulalamika kabla hatujafika mbali.

"Nani ameingia kule nyuma? Ninateremuka."

"Ni kijana ya velo, Papa. Ni mufupi."

"Basi mumupatie jiwe akanyage. Na hii kwa-kwa-kwa ninasikia ni nini? Munafunga mbuzi ku ingobyi?"

"Ni viatu yake, Papa. Ziko na chuma."

"Muntu mufupi na anavaa chuma," alisema mgonjwa, akafumba macho. "Mungu anisaidie nifike."

Tulifika. Tulimlaza, akanishika mkono na kunishukuru, na kunishauri nile zaidi. Nilirudi shuleni kwa miguu. Kocha alikuwa amekaa kwenye ngazi, na pembeni yake yule mrefu alikuwa anamenya yai. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta.

"Huyu amenipita hapa kama mvua," Kocha alisema. "Nikafikiri ni mwizi. Na kandambili! Amenieleza yote." Alinywa chai kidogo. "Kubeba mugonjwa haiko kushindwa. Shuka mpaka chini, uanze tena. Ukigusa, huyu ndiye atachukua."

Ningeweza kumwambia kwamba kwenye kona ya tatu nilikuwa nimeshakwisha kabla sijamwona mgonjwa yeyote. Sikumwambia. Niliteremka, na kwa kuteremka nilikuwa hodari kama kawaida, nikageuza gatini na kuanza upya.

Mungu anisamehe, nilipokaribia kona ya tatu nilikuwa natazama kila njia ya miguu. Nilitazama miti yote ya avokado. Kisiwa kizima kilikuwa na afya. Nilikaza meno, nikasukuma pedali mara tano, mara sita, kisha mguu wangu ukajipindisha wenyewe ukatua chini, bila kunishauri.

Nilisimama hapo. Kutoka shuleni Kocha hakuweza kuiona ile kona. Nilichohitaji ni kuvuta pumzi, kupanda tena na kutokea juu nikiwa nimekunja uso. Nilikuwa nimeshainua mguu kurudi kwenye pedali, ndipo mama mmoja aliyekuwa anapalilia maharage chini ya barabara akaweka mikono mdomoni na kumwita mwenzake wa shamba la juu.

"Maman! Yule ya kaptula ameshuka tena!"

Wa juu alimpelekea wa juu yake. Nilisikia habari zangu zikipanda mlima bila kupumzika hata mara moja.

Nilipanda nyuma ya habari hizo, nikisukuma baiskeli. Nilipofika niliiegemeza ukutani, na Kocha alinipa kikombe cha chai.

"Nimegusa," nilisema. "Na mara ya kwanza pia nilikuwa karibu kugusa. Mgonjwa aliniokoa."

Yule mrefu aliacha kutafuna. Nafikiri hayo ndiyo maneno mengi zaidi ambayo Kocha aliwahi kusikia kutoka kwangu.

Nilivua viatu nikavisukuma mbele ya yule bwana. Vilikuwa vidogo kwake. Alisema haidhuru, amezoea kandambili, akatoa baiskeli ukutani na kujaribu breki moja moja, polepole, kama mtu anayenunua ng'ombe.