Gavana Alijengesha, Hakujenga

Saa tatu asubuhi, Mama Kuba anawasimamisha wageni katikati ya jumba la mahakama ya zamani na kuwaambia wainue vichwa. Kuba liko juu kabisa, jeupe, mwanga ukimwagika kutoka kwenye vidirisha vilivyolizunguka.

"Wekeni simu jamani, tazameni kwa macho! Mawe yale yameegemeana tu, ndiyo yanashikana hivyo miaka yote."

Wageni wanaguna kwa mshangao. Mmoja anauliza nani alijenga, na hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

Kibao cha mlangoni kinasema: Gavana alilijenga jumba hili. Mama Kuba, anayetembeza wageni hapa tangu kifungua mimba wake akiwa mgongoni, hasemi hivyo ng'o. Yeye husema alilijengesha. Kwa herufi hizo chache, meneja amemwonya: akirudia, kazi hana.

Kazi hana! Kwa kusema kweli! Mwandishi wa habari hizi alimfuata meneja ofisini.

"Kwani kosa liko wapi? Kila mtu anasema hivyo," alijibu. "Hata mimi nimejenga nyumba yangu."

"Zege ulichanganya wewe?"

Meneja akaanza kutafuta funguo zake mezani.

Nyuma ya mlango mkubwa, Mama Kuba anaonyesha jiwe lililochongwa alama ndogo ya chanuo.

"Kila mwashi alikuwa na alama yake. Huyu wa chanuo, hebu ona tao lake, huna pa kupenyeza wembe. Jina lake hatulijui. La gavana tunasomeshwa kila siku. Inauma, ndugu yangu."

Inamuuma zaidi kwa sababu mumewe ni mwashi. Nyumba nyingi za mtaani kwao zimepita mikononi mwake, wenyewe wanatamba kwamba wamejenga, na yeye na familia yake wamepanga chumba na sebule.

"Ananiambia, 'Mke wangu, funga mdomo tule.' Namjibu, 'Baba watoto, nikifunga mdomo nakufuta wewe.'"

Kesho meneja atafuatana na wageni ili asikie kwa masikio yake. Mama Kuba ameshapanga: akiulizwa nani alijenga, atawapeleka moja kwa moja kwenye chanuo na kusema, "Huyu hapa. Gavana alijengesha."

Na akifukuzwa?

Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Yule? Hata kunifukuza hatanifukuza mwenyewe. Atamtuma askari wa getini. Atanifukuzisha!"