Betri ya Saa Tatu

Mwalimu Audax alipata boti kabla ya kupata mke, na aliamini kabisa kwamba boti ndiyo itakayomletea mke.

Aliinunua kwenye mnada wa vitu vya jeshi, mwaka wa nne tangu vita vikuu vya dunia viishe. Ilikuwa boti ya mpira, ya njano, ya kujazwa upepo kwa pampu ya mguu, iliyotengenezwa kwa ajili ya marubani walioangukia baharini. Ubavuni ilikuwa na viraka vitatu na maandishi ya Kiingereza: watu wawili, wasizidi. Majirani zake wa Mtoni, huku Temeke, waliiita godoro.

"Mwalimu, godoro limeamkaje leo?"

"Ni chombo hicho," Audax alijibu kila asubuhi, kwa subira ya mtu aliyezoea kusahihisha madaftari. "Godoro halielei."

Ng'ambo ya mkono wa bahari, Vijibweni, alikaa Eufrazia, binti wa Mzee Polikarpo. Mzee huyu alitoka upande wa Songea, na alikuwa amepiga kengele ya misheni kwa miaka kumi na minane. Kengele aliiacha kwa wamisionari, lakini mlio wake ulihamia naye. Audax alipompeleka shangazi yake, Kokushubila, kwenda kuposa, waliambiwa wafike saa tatu asubuhi. Mtumbwi wa abiria ukangoja ujae, kisha ukamngoja mtu aliyesahau kuku wake. Walifika saa sita, wakamkuta mzee mlangoni, kofia kichwani.

"Saa tatu niliwangoja kwa furaha," alisema. "Saa nne niliwangoja kwa heshima ya mama huyu. Saa tano nikanywa chai yenu."

Akawapa nafasi moja tu: Jumamosi ya pili, saa tatu. Wakichelewa tena, barua ya karani mmoja wa bandarini ilikuwa mezani, ikisubiri jibu.

Ndiyo maana Audax alikwenda kwa Gaspar, fundi wa magari wa pale Temeke. Kwa kasia peke yake mkondo ungewapeleka unakotaka wenyewe. Boti ilihitaji mota.

"Mwalimu! Nimekaa masaa mawili nakungoja," Gaspar alilalamika, akifuta mikono kwenye kaptula.

"Saa mbili, fundi. Hakuna masaa katika Kiswahili."

"Nyie watu wa Bukoba! Mmekuja pwani juzi, leo mnatufundisha lugha. Haya, saa. Njoo uone vitu."

Juu ya benchi alikuwa amepanga mota tatu. Injini ya petroli hakutaka hata kuisikia. "Nikiifunga kwenye godoro lako, injini itafika Vijibweni, godoro utalikuta hapa hapa." Akainua stata ya lori. Hii ina nguvu, alisema, lakini inakunywa betri kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Kabla hujafika katikati imemaliza. Ya pili ilikuwa mota ndogo ya kufutia kioo cha gari.

"Hii haili sana," Audax alisema kwa matumaini.

"Haili sana, na haifanyi kazi sana. Itapangusa bahari, basi."

Ya tatu ilikuwa dainamo ya gari dogo. Gaspar aliigusisha nyaya mbili na ikaanza kuzunguka kwa sauti ya nyuki aliyeshiba. Alikuwa ameiungia bomba la baiskeli, na mwisho wa bomba akafunga mapanga matatu ya shaba ya kusukuma maji, aliyoyakata mwenyewe. Audax aliipenda pale pale, kama mtu anavyopenda mtoto asiyelia.

"Sasa betri," fundi alisema. "Hapo ndipo akili. Unataka ikupeleke saa ngapi?"

"Saa tatu."

Gaspar akapiga mluzi. "Saa tatu! Hapo Vijibweni tu?"

"Saa tatu kamili. Isizidi, isipungue. Mzee yule hataki mchezo."

"Nzito hiyo, mwalimu."

"Najua ni nzito," Audax alisema, akimfikiria Mzee Polikarpo. "Lakini ndiyo maisha yangu."

Jumamosi, saa mbili na robo, maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Shangazi Kokushubila alisimama ufukweni ndani ya gomesi la kijani, vazi refu la kwao Bukoba, mwavuli kwapani. Gaspar akatokea na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na betri ya lori la jeshi, na watu wawili wakaishusha wakiguna.

"Fundi," Audax aliuliza polepole, "hii ni betri au jiwe la msingi?"

"Saa tatu, kama ulivyosema. Ukiiwasha sasa hivi itakwenda mpaka saa tano na robo."

"Mimi nilisema tufike saa tatu!"

"Mie nilikuuliza saa ngapi. Masaa ulinikataza."

"Nikakujibu saa tatu!"

"Basi tulielewana."

Shangazi alicheka mpaka mwavuli ukaanguka. "Waitu! Mtoto wewe, ungemwachia fundi masaa yake, leo tungejua anauliza nini."

Betri ndogo ilikuwepo karakanani, lakini kwenda na kurudi kungekula muda wote uliobaki. Wakaipakia ile kubwa, na boti ikashuka. Shangazi akaingia, ikashuka tena. Audax alipotia mguu wake, maji yakachungulia ndani. Maandishi ya ubavuni yalisema watu wawili, na betri ilikuwa imeshachukua nafasi ya mmoja.

"Shuka, shangazi. Nitakwenda mwenyewe."

"Ukaseme nini? 'Shikamoo baba, mimi ndiye mshenga wangu'? Toa mguu huo." Akajiweka sawa. "Mie nimezaliwa Kemondo, kando ya ziwa, maji nayajua. Fundi, hebu nioneshe."

"Ukiutia waya huu hapa, inakwenda. Ukiuchomoa, inasimama. Mpini ukivuta kushoto, boti inakwenda kulia."

"Kama mume," alisema shangazi, akautia waya.

Audax akabaki ufukweni na saa yake mkononi. Rangi ya njano ilipungua mpaka ikawa kama punje ya hindi, na saa tatu kasoro dakika saba ikagusa ng'ambo. Alipumua. Gaspar alimpiga begani, akaenda zake na mkokoteni.

Saa tatu u nusu punje ilitoka tena majini. Audax akawaza: shangazi amefukuzwa, anarudi. Lakini boti haikurudi. Ilipanda na mkondo mpaka kwenye kona ya mikoko, ikageuka, ikateremka, ikapanda tena. Sasa ilikuwa na watu wawili, na mmoja, mwembamba kama ufito, alivaa kofia. Katika kofia zote za Vijibweni Audax alikuwa anaiogopa moja tu, na ndiyo hiyo. Mzee alikuwa anamzungusha shangazi, au shangazi alikuwa anamteka nyara mzee? Hakuna kitabu alichosoma kilichoeleza mambo haya. Ikapanda mara ya tatu, mara ya nne, mpaka Audax akaacha kuhesabu, akaketi chini na suruali yake nyeupe.

Saa sita kasoro dakika chache, betri ikaisha na boti ikasimama katikati. Kikaonekana kipande cha ubao kikipiga maji kama kasia, huku, kule, na taratibu wakasogea upande wa Mtoni. Audax aliingia majini mpaka magotini kuwapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee Polikarpo alishuka, matope mpaka kwenye vifundo, uso mkali. "Nani aliyechagua betri hii?"

Angeweza kusema ni yeye. Mzee angependa mkwe ajuaye kupiga hesabu. Lakini Audax alikuwa akiwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Ni kosa, baba. Fundi aliniuliza saa, mimi nikamjibu saa. Nilitaka betri ndogo."

Mzee akamtazama shangazi, aliyekuwa akikamua pindo la gomesi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ndogo ingemfikisha mlangoni kwangu tu. Dada huyu alifika kabla ya saa, akakaa, akasema maneno yake vizuri, nikamwambia nitafikiri. Nikaomba anizungushe kidogo ili nifikiri vizuri. Mzunguko wa pili nikasema ndiyo."

"Na mizunguko iliyofuata, baba?"

"Hiyo ilikuwa ya raha." Akarudi kwenye boti, akaketi, akairekebisha kofia. "Iteremshe betri yako, mwanangu. Dada apumzike. Wewe nirudishe nyumbani, tusichelewe chakula."

Audax akachukua ubao. Ng'ambo, pembeni mwa mikoko, mtu mwenye khanga nyekundu alisimama akipunga mkono. Audax alitamani kumpungia, ila mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.