Nyasi Zilizopanda Uchagani

Juzi mteja kutoka Watamu alitia mkono katikati ya robota langu la nyasi kavu, akautoa, akaunusa. Biashara hii nimejifunza peke yangu hapa Barani, Malindi, na marobota huyafungua na kuyafunga upya hadi majirani hunicheka. Kila mara naogopa kuna unyevu ndani ambao sikuuona. Lakini mkono ule ulionuswa ulinirudisha, rafiki yangu, hadi jikoni kwa bibi yangu kule Ganze, nilipokuwa mtoto.

Baada ya masika tulikata nyasi, tukazianika hadi zikalia chini ya miguu. Bibi alizijaza katika sanduku la mbao la kutengenezea robota, nami nikapanda juu kuzishindilia, miguu ikiniwasha hadi magotini, harufu ya muhogo wa nazi ikitujia kutoka jikoni. Kamba ya katani aliifunga mwenyewe. Alisema fundo nililofunga mimi hufunguka kabla mnunuzi hajafika.

Msimu ule kila boma lilikuwa na nyasi, na bei ilikuwa ya kutupa. Jirani yetu aliuza zake zote kwa mwenye lori aliyepita akinunua nyasi. Bibi alikataa. Chini zingeliwa na mchwa, basi akazipandisha uchagani, ile dari juu ya meko ambako kila nyumba huweka mahindi. Mahindi yetu, machache, akayashusha akayatia guniani. Jambo hilo halikuwa limeonekana kwetu. Jirani alisimama mlangoni akauliza kama mwaka huo tutasonga sima ya nyasi, au bibi anataka kuzilalia. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua gunia likiisha na nyasi zisinunuliwe, hatuna la kutia chunguni.

Vuli haikunyesha. Malisho yakawa vumbi, na mwenye lori akarudi, sasa akitafuta nyasi nyumba hadi nyumba. Alinusa robota letu, akakunja uso.

"Mama, hizi zanuka moshi. Ng'ombe hatazigusa."

Bibi alimgeukia jirani, aliyekuwa amekuja kutazama.

"Baba, mlete ng'ombe wako. Tumuulize yeye."

Ng'ombe hakungoja swali. Alimburuta jirani hadi kwenye robota, akaanza kulila pamoja na kamba yake. Hata mwenye lori alicheka. Bibi akataja bei ambayo sikuwahi kuisikia kwa nyasi, kisha akanyamaza. Lori likajaa. Siku ile tulikula sima nyeupe na samaki wa kupaka, nikashiba hadi nikalala nimekaa. Robota la mwisho bibi alimpa jirani.

"Nimezilalia vya kutosha," alimwambia. "Sasa zamu yako."

Bibi hayupo tena. Nyumba ile sasa ni ya mabati, haina uchaga, na sanduku letu limeliwa na mchwa wale wale aliowanyima nyasi. Nyasi zangu hufungwa kwa mashine. Hazina moshi hata kidogo, na kusema kweli nautamani moshi ule.

Kiangazi hiki nyasi zimeadimika tena, Malindi hadi Kilifi. Mteja wa Watamu aliuliza bei. Asubuhi nzima nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, pamoja na punguzo na maneno ya kuomba radhi. Nikaitaja bei peke yake, nikanyamaza.

Aliyatazama marobota, akanitazama, kisha akatoa simu kuita tuktuk ije iyabebe.