Majiko Yaliyobomolewa kwa Zamu

Mwaitu, yaani mama yangu, alibomoa kwa jembe jiko lililokuwa limemrudishia usingizi, na wanawake wenzake wa mwethya wakampigia vigelegele. Walikuwa wametoka kubomoa la jirani. Baada yake waliendelea na nyumba iliyofuata, kwa orodha ile ile waliyoitumia kujenga.

Kwetu Ikutha, mwethya ni kikundi cha kufanya kazi kwa zamu: leo mnachimba matuta shambani kwangu, kesho kwako. Kwa zamu hizo walikuwa wamekanyaga udongo wa kichuguu, wakauchanganya na mchanga wa mtoni na kujenga majiko yenye bomba la kutoa moshi nje. Mradi uliletwa na serikali ya kaunti. Mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke mpole asiyejua Kikamba, alikuja kupima hewa. Alitundika jikoni kifaa kidogo kama redio ya mkononi, mara ya kwanza mwaitu akipikia mafiga, mara ya pili akipikia jiko jipya. Mimi ndiye niliyefasiri. Namba ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza kwa mbali. Mwaitu alikuwa akikohoa tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipomtembelea mwezi wa tatu wa jiko lile, nililala chumba cha pili na sikumsikia hata mara moja.

Kisha kampeni zikaanza. Mheshimiwa wetu, mbunge wa chama kilichopingana na serikali ya kaunti, alisimama juu ya gari sokoni.

"Mama zenu walipikia nini?"

"Mafiga!"

"Mlikufa?"

"Hatukufa!"

"Leo wanapima moshi wenu. Kesho watapima nini?"

"Kura!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Wiki hiyo hiyo majembe yakaanza kazi. Nilipofika kutoka Wote, ninakofanya kazi, jiko la mwaitu lilikuwa rundo la udongo nje ya mlango.

"Mwaitu, si ulikuwa unalala vizuri?"

"Nililala kwa sababu mvua ilinyesha. Vumbi lilikuwa limetulia."

"Na zile namba?"

"Namba za nani? Si wewe uliwapigia kura hao wa kaunti?"

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa akikwangua udongo kwenye jembe lake. "Mwache mama yako, wewe wa serikali," akasema. "Moshi wa mafiga ndio uliokausha mbegu zilizokulipia karo."

Ni kweli niliwapigia kura wa kaunti. Ningependa kusema niliamini kipimo kwa sababu nilikiona kikifanywa. Lakini nilikuwa nimeshaamini kabla kifaa hakijatundikwa.

Uchaguzi ulipita. Mwaka uliofuata mheshimiwa akahamia upande wa kaunti, akavishwa kofia yao, na katika soko lile lile akatangaza kwamba jiko la udongo ni afya ya mama. Wanawake wakarudi kukanyaga udongo. Sisi tuliochukizwa na jinsi alivyopokelewa, wengi tukauhama upande wa kaunti. Pale Wote, hotelini ninakokunywa chai na wenzangu, yule aliyewacheka zaidi wanawake wa Ikutha walipobomoa majiko aliweka kikombe chini akasema, "Lakini yale majiko yalipimwa mara moja tu, si ndio?" Nilitikisa kichwa kukubali. Jioni nilitoa karatasi ya yule mtafiti, niliyoifasiri kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaanza kuitafutia kosa.

Zamu ya mwaitu kujengewa tena ilipofika, alisimama mlangoni na kuwazuia.

"Kama lilikuwa zuri, mimi nilibomoa nini?"

"Hayo yameisha," mwenyekiti akamwambia. "Ile ilikuwa siasa tu."

"Basi wajengeeni walio na haraka."

Wakabeba udongo wao wakaenda.

Mwezi uliopita alianza kuhema hata akiwa ameketi, nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mwenye subira, alimuuliza anapikia nini. Kuni, akasema, kwa mafiga. Daktari akauliza kama kuna kipindi chochote alichokaa bila moshi. Nikamjibia mwaitu: miezi mitano hivi.

"Na katika miezi hiyo, mama, kikohozi kilipungua? Niambie ukweli, maana matibabu yako yanategemea jibu hilo."

Mwaitu hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Hakikupungua."

Daktari akaandika hivyo kwenye faili. Akasema kama moshi si sababu, basi lazima tutafute kitu kingine, akaagiza makohozi yapimwe kifua kikuu. Leo ni siku ya tisa. Majibu hayajarudi, na mwaitu hajaanzishiwa dawa yoyote ya kifua. Namba ya simu ya daktari ninayo. Sijampigia.