Maswali ya Akko Kuhusu Mkopo wa Fizikia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu Talaso, ni ile nyanya yangu alipomhoji tajiri wa Isiolo ndani ya duka lake mwenyewe. Tulimwita Akko, kama Waborana wote wanavyomwita nyanya. Umenijia na barua ya chuo kikuu, unataka kusoma fizikia kwa mkopo wa kulipa miaka mingi, na unaniuliza kama inafaa. Mimi si mtu wa kukurupuka. Kaa, chai iko.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa kaskazini. Mifugo yetu ilikuwa imekwisha, sisi tumewekwa kambini nje ya mji, na hata kwenda sokoni ulihitaji kibali. Nami nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma fizikia Nairobi. Somo hilo lilinikosesha usingizi! Redio ya askari pale getini ilileta sauti ya mtu aliye Wajir, bila waya, na mimi nilitaka kujua inapitaje. Nafasi nilipewa, karo sikupewa. Haji, mwenye duka na malori, ambaye babu yake aliletwa huku kama askari wa Mwingereza, akajitolea kunikopesha yote. Ningekubali palepale. Lakini nikishindwa kulipa, deni lingewaangukia wadogo zangu, na nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, naye si wetu.

Ng'ombe huyo alikuwa wa dabare. Kwetu, jamaa akiishiwa, mwenye mifugo humpa ng'ombe wa kukamua ili watoto wanywe. Maziwa ni yako. Ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Lakini mama wa nyumba hampokei hivi hivi. Anauliza atazaa lini, anatoa maziwa kiasi gani, na akikauka itakuwaje. Haoni haya kuuliza, wala anayetoa hakasiriki.

Basi Akko akaomba kibali, akajifunga shuka, tukaenda kwanza kwa mwalimu wa fizikia aliyefundisha mjini, Mmeru mmoja mpole.

"Habari, mwalimu. Huyu akimaliza hiyo fisikia, atapata kazi gani?"

Mwalimu akamtaja mtu fulani wa mitambo ya redio, mwenye gari na nyumba kubwa. Mimi nikatabasamu. Akko akatikisa kichwa.

"Huyo wacha. Niambie wale wengine, wa kawaida. Wanalipwa ngapi? Na wanakaa muda gani kabla ya kupata kazi?"

Mwalimu akacheka, akasema wengi huwa walimu kama yeye, na kwamba yeye mwenyewe alingoja karibu mwaka. Akataja mshahara wake bila kuficha. Akko akamwuliza chakula kinakula kiasi gani, kodi ya nyumba kiasi gani, mpaka kikabaki kile kidogo ambacho mtu anaweza kulipia deni. Tukiwa na hesabu hiyo kichwani, tukaenda kwa Haji.

"Salaam aleikum, Haji. Pesa yako tutachukua, lakini tunachukua kama dabare. Ng'ombe akizaa, yaani huyu akipata kazi, utapata sehemu yako kila mwezi." Akaitaja ile sehemu. "Kama hajazaa, usikuje na chombo."

"Na akikauka katikati, mama?"

"Unangoja, kama sisi tunangoja."

Haji akamtazama sana, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Hakuna mtu amewahi niambia hivyo kwa hii duka. Sawa, mama. Nimekubali."

Mpaka leo namstaajabia yule nyanya. Hakuwa na kitu mkononi, lakini hakuomba kama maskini. Ndoto yangu hakuicheka, wala hakukubali iwalaze wadogo zangu njaa.

Nilimaliza masomo, nikarudi Isiolo bila kazi. Kila nilipopita dukani Haji aliniuliza, "Ng'ombe amezaa?" Nikijibu bado, ananimiminia chai. Siku nilipopokea mshahara wangu wa kwanza wa ualimu nilikwenda nusu nikikimbia, nikamwekea sehemu yake mezani. Akairudisha mkononi mwangu.

"Ya kwanza peleka kwa nyanya yako," akasema. "Yeye ndiye alijua kuuliza."

Basi, Talaso, fizikia nenda ukasome. Nafurahi mno kwamba unaipenda. Ila kabla hujatia sahihi, watafute waliomaliza juzijuzi, si yule mmoja anayesifiwa kila mahali. Waulize wanalipwa nini hasa, walikaa muda gani bila kazi, na mwisho wa mwezi kinabaki nini. Uliza pia kama mkopo wako utakungoja, au riba itaunenepesha wewe ukiwa huna kazi. Kikibaki cha kulipia, kopa bila woga. Kisipobaki, kopa kidogo, tafuta ufadhili, au chuo cha karibu ili ulale nyumbani. Usiogope kuuliza, hata wakikudharau.

Mungu akupe akili iliyotulia, akufungulie njia yenye amani, na kila ukirudi ukute mvua imenyesha kwetu. Nami nikiwa hai, ukimaliza, nitakuwa nakuuliza kama ng'ombe amezaa. Ukinijibu bado, chai iko.