Karatasi za Simiti

Fundi akipasua mfuko wa simiti hapa kwangu, harufu yake hunirudisha utotoni, Tororo. Baba alikuwa akileta mifuko mitupu kutoka kiwandani, nami nikiandika hadithi kwenye karatasi za ndani, zile safi. Siku moja mama alizikata zote, akafungia njugu za kuuza soko la Busia, mpakani. Nililia mpaka nikakataa chakula.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka sokoni na ujumbe.

"Kuna mama moja wa upande wa Kenya," akasema. "Amemaliza njugu, akasoma karatasi. Anauliza huyo msichana wa hadithi alivuka mto ama hapana."

Hata mimi nilikuwa sijui. Nilichukua mfuko mwingine, nikaukung'uta vumbi, nikakaa chini kumvusha.