Majina Thelathini kwa Gari la Benki

Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu nikitaka kutoa pesa kwenye simu huwa nageukia ukuta. Bibi, nani atakuibia humu ndani? Waache wacheke. Namba ya siri simwambii mtu, hata aliyenizaa angefufuka leo nisingemwambia.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima huku Nyamwaga. Posho yangu ilipitia benki mjini Tarime, kwa hiyo kijiji kizima ni mimi peke yangu niliyekuwa na kitabu cha benki. Niliweka kidogo kidogo ninunue cherehani. Wenzangu wote walikwisha kuolewa, mimi nilitaka nikae kwenye kiti changu, nishone, nisimwombe mtu hata chumvi. Kitabu wala sikukificha. Baba alikifungua siku moja, akaona hakina picha, akakirudisha mezani. Kwake mali ilikuwa kitu chenye kwato.

Shida ilikuwa safari. Kwenda mjini kulikula siku nzima juu ya lori la kahawa, na mvua zikikolea hata lori hulioni. Mimi kungoja sijui, sijawahi kujua. Nikamsumbua karani wa benki mpaka akasema, haya mwalimu, tuletee majina thelathini, gari la benki litafika kwenu kila mwisho wa mwezi.

Nikarudi nyumbani miguu haigusi chini. Nilipita nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, watu wanapalilia migomba mimi nawasimamia na karatasi. Jibu lilikuwa moja. Nani mwingine ameandika? Wakiandika wengine, njoo. Kila mtu alimngoja mwenzake, kama ng'ombe kwenye kivuko, wa mbele akisimama kundi zima limesimama. Na kusema kweli walikuwa na haki. Kitabu cha mtu mmoja ni karatasi tu, cha watu thelathini kinaleta gari.

Basi nikaona nianze na walio rahisi. Darasani nilikuwa na vijana saba waliotoka jandoni majuzi, wanaona fahari kuandika majina yao popote penye nafasi. Wakaandika, saba juu ya karatasi, safi. Nikaipeleka mbio kwa wazee wa rika la baba, waliokuwa wamekaa kwenye pombe. Mmoja akauliza mstari wa kwanza ni wa nani. Nikamtajia. Akaniangalia kama mtu aliyeona mbuzi mezani.

"Unataka tuandikwe nyuma ya watoto hawa?"

Mimi, Mkurya wa kuzaliwa, ninayejua kwamba hata kwenye chungu cha pombe rika dogo haligusi kabla ya rika kubwa! Kiherehere changu kilinisahaulisha. Nilijichukia njia nzima ya kurudi. Nikaichana ile karatasi, nikachora nyingine, mistari ya juu nikaiacha wazi. Na katika rika lile aliyetahiriwa wa kwanza alikuwa baba yangu. Bila yeye hakuna ambaye angetangulia.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akikwangua ukwato wa ndama, kisha akauliza, "Pesa ikiingia humo, inatoka?"

"Inatoka, tata. Siku yoyote gari likija."

"Nami nitajuaje iliyomo?"

Nikamchorea ukurasa chini kwenye vumbi. Tazama mstari wa mwisho, mkono wa kulia, hiyo ndiyo iliyobaki. Tarakimu alizijua, alizizoea mnadani. Akarudia mara mbili, mstari wa mwisho, mkono wa kulia, halafu akaweka dole gumba. Siku mbili baadaye nilikuwa na majina thelathini na manne, na wengine wakinilaumu kwa nini sikuwafuata mapema.

Gari lilikuja kweli. Watu walipanga foleni kwa marika yao. Baba akaweka pesa zake, akapewa kitabu chake, akatazama pale nilipomfundisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaja nilipokuwa nimesimama na changu, akanyoosha mkono. Huwezi kumnyima baba yako mbele ya rika lake. Akakifungua, akaweka kidole mstari wa mwisho, mkono wa kulia.

"Na hii inatoka?"

"Inatoka, tata."

"Mdogo wako huu mwaka wa pili anangoja ng'ombe wa kuolea. Dada ndiye huleta ng'ombe wa kaka. Wako hawakuja kwa mlango wa kuolewa, wamekuja kwa mlango huu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa fahari, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kofi. Wenzake wakaitikia. Nilipokuwa peke yangu na kitabu, kilikuwa salama kwa sababu hakuna aliyejua kukisoma, na mimi kwa mikono yangu nikawafundisha wote. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Nikasogea kwenye dirisha la gari nikatia sahihi ya kutoa zote. Karani alipomaliza kuandika akaninyooshea kitabu dirishani, lakini baba ndiye aliyekipokea. Akatazama mstari wa mwisho, mkono wa kulia, akahakikisha hakuna kilichobaki.